Tundu moja katika chupa ya peremende

Majuma mawili yaliyopita mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Nairobi aliniandikia akiomba msaada. Amepata chupa nzuri ya kijani yenye tumbo pana, na angependa kuigeuza iwe taa ya mezani ya kusomea. Shida yake ni moja tu: waya wa stima utapitia wapi? Mwenzake wa chumbani amemshauri apashe msumari moto jikoni hadi uwe mwekundu, kisha auchomeke ubavuni mwa chupa. "Je, njia hiyo itafaulu?" ameuliza.

Haitafaulu, mwanangu. Usijaribu kabisa. Nasema hivyo bila kusita kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuvunja chupa ambayo hakuna duka linaloweza kuniuzia nyingine kama hiyo, na sikutumia hata huo msumari. Afadhali nikusimulie kisa hicho kwanza, kisha tuje kwenye kazi yenyewe.

Marehemu baba yetu alikuwa na duka katika soko la Tala, kule Machakos. Juu ya kaunta kulikuwa na chupa mbili kubwa za kioo, zenye midomo mipana na vifuniko vya bati. Moja ilikuwa ya peremende za mnanaa, ya pili ya tofi. Sisi watoto tulizijua chupa hizo kuliko tulivyojua vitabu vyetu. Duka lilipofungwa, dada yangu mkubwa alichukua moja, nami nikachukua ya pili. Kwa miaka mingi yake ilikaa jikoni ikiwa na dengu, na yangu ikawa ya kuwekea vifungo vya nguo.

Mwaka jana binti ya dada alianza kujiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Taa ya chumba chao iko juu sana na mwanga wake ni hafifu, hivi kwamba msichana alikuwa akiinamia vitabu hadi shingo ikamuuma. Tukaamua kumtengenezea taa ya mezani kutokana na chupa ya babu yake. "Wewe ndiwe fundi wa gazetini," dada akaniambia huku akimwaga dengu kwenye sufuria. "Chukua yangu uanze nayo."

Hapo huenda msomaji makini ameuliza: tundu la nini, na chupa ina mdomo? Swali hilo ni zuri. Glopu na holda yake hukaa juu ya kifuniko, na juu yake huwekwa kofia ya kukinga macho. Waya ukitokea hapo juu, utaning'inia kando ya taa kama mkia. Mtu akiugusa kwa kiwiko, au mtoto akiuvuta, taa nzima inaanguka. Waya ukipita ndani ya chupa na kutokea chini, karibu na meza, ukivutwa hausukumi kichwa cha taa. Kwa hivyo tundu hilo la chini lina kazi yake, si urembo tu. (Kama hutaki taabu, ziko holda zenye mdomo wa pembeni wa kutolea waya. Nunua hiyo, chagua chupa nzito, utie mchanga mkavu ndani, na shughuli imekwisha. Mimi singekucheka.)

Basi niliazima drili ya jirani, nikatafuta ncha yenye umbo la kichwa cha mkuki iliyoandikwa kuwa ni ya kutobolea kioo na vigae. Nikailaza chupa mapajani. Mwanzoni ncha iliteleza huku na huku na kuacha mikwaruzo. Nikaukaza mkono. Hatimaye ikashika, vumbi jeupe likaanza kutoka, nami nikafurahi. Sikutia maji. Nilipoona nakaribia kumaliza nikasukuma kwa nguvu kidogo ili niwahi kupika. Nikasikia mlio mdogo tu, kama wa kijiti cha kiberiti kinachovunjika. Ufa ulianza tunduni, ukazunguka kitako chote, na chini ya chupa ya baba pakabaki mikononi mwangu kama sahani.

Nilikaa pale sakafuni kwa muda mrefu. Kisha nikatia aibu yangu mfukoni na kwenda Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja anayekata vioo vya madirisha na meza. Nilimweleza yote. Hakunicheka, lakini aliniambia neno ambalo lilinifungua macho. "Mama," alisema, "kioo hakitobolewi. Kioo husagwa."

Naam, hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mbao hukatwa na ncha kwa sababu nyuzi zake hukubali kung'olewa. Chuma nacho hulegea na kujikunja mbele ya ncha kali. Kioo hakina tabia hiyo. Ukikisukuma hakijikunji hata kidogo. Hustahimili, hustahimili, halafu hupasuka ghafla, na ufa ukishaanza hukimbia wenyewe. Kwa hivyo njia pekee ni kukila polepole, chembe baada ya chembe, kwa kitu kilicho kigumu kukishinda. Wanaopima ugumu wa mawe hutumia kipimo cha kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Mchanga mweupe, ambao ndio sehemu kubwa ya kioo chenyewe, uko kwenye 7. Almasi iko kwenye 10, na hakuna cha kuipita.

Joto ni adui wa pili. Kioo husambaza joto polepole sana. Ukipasha moto sehemu moja, hiyo hutanuka huku jirani yake bado ni baridi, na mvutano wa pande hizo mbili hukipasua. Ndiyo sababu glasi ya chai hupasuka ukiimwagia maji yanayochemka asubuhi ya baridi, na ndiyo sababu ule msumari mwekundu, mwanafunzi wangu, utakupa vipande vya chupa badala ya taa. Drili inayozunguka bila maji huzalisha joto lile lile, ila wewe hulioni.

Mzee alinionyesha ncha anayotumia. Si mkuki, ni kijibomba kifupi cha chuma, kitupu katikati, na mdomo wake umepakwa chembechembe ndogo za almasi. Kinasaga duara tu, na katikati hubaki kidonge cha kioo kinachodondoka mwishoni. Ncha za namna hii siku hizi hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, kwa sababu mafundi wa vigae huzihitaji wanapopitisha mabomba ya maji bafuni. Omba ya milimita 12. Waya wa nyuzi tatu una unene wa kama milimita 7, na lazima ubakishe nafasi ya raba, ambayo nitaieleza baadaye.

Na ukikosa ncha ya almasi? Mzee alinifundisha njia ya zamani, ambayo naona itawapendeza wanafunzi wasio na pesa. Kata kipande kifupi cha bomba la shaba, lile jembamba linalotumiwa na mafundi wa friji. Lifunge kwenye drili. Kisha nunua kwa wauza vipuri kile kikopo cha pesti ambacho makanika hutumia kusagia valvu za injini. Ndani yake mna chembe za ugumu unaozidi 9 kwa kile kipimo chetu. Paka pesti mdomoni mwa bomba, zungusha polepole, paka tena. Shaba ni laini, hivyo chembe hujikita ndani yake na kusaga kioo kwa niaba yake. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini hufika. Wamisri wa kale walitoboa mawe magumu ya matale kwa mabomba ya shaba na mchanga, maelfu ya miaka kabla ya stima kujulikana, kwa hivyo usidharau.

Sasa tuje kwenye umbo la mviringo, maana hapo ndipo chupa inapotofautiana na kioo cha dirisha. Weka kijibomba kile juu ya kioo bapa, na mdomo wote utagusa kwa pamoja. Kiweke ubavuni mwa chupa iliyolazwa, na kitagusa sehemu mbili tu, upande wa shingoni na upande wa kitakoni, ilhali kushoto na kulia kuna mwanya. Ndiyo maana huteleza: hakina mahali pa kushika. Na mambo ni hayo hayo mwishoni. Sehemu hizo mbili hutokeza ndani kwanza, huku kushoto na kulia bado kuna kioo kizima kinachoshikilia kidonge. Mtu asiyejua hudhani amemaliza, husukuma, na chupa hupasuka. Hivyo ndivyo nilivyoipoteza ya dada, ingawa ncha yangu ilikuwa ya aina nyingine.

Kuna njia mbili za kuizuia ncha isiteleze. Ya kwanza ni kuanza ukiwa umeinamisha drili, ili ukingo mmoja tu wa kijibomba uguse kioo na kuchora umbo la mwezi mchanga. Mwezi huo ukishakuwa na kina kidogo, unainua drili taratibu hadi isimame wima, na duara linajikamilisha. Yataka mkono mtulivu. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kutoboa kwanza kipande cha ubao mwembamba kwa ncha ile ile, kukifunga ubavuni mwa chupa kwa utepe wa gundi, na kupitisha ncha ndani ya tundu la ubao. Ncha haina budi kubaki pale ulipoitaka.

Usiishike chupa mapajani kama nilivyofanya mimi. Ilaze juu ya taulo nene lililokunjwa, ndani ya beseni, na uizuie pande zote kwa vitambaa vilivyoviringishwa ili isigaragare. Chagua mahali pa tundu angalau vidole viwili juu ya kitako. Pale kioo kinapopinda kuwa kitako huwa kimejaa mvutano tangu kilipopoa kiwandani, na hakipendi kuguswa.

Maji ni lazima. Kanda unga wa ngano kidogo uwe mgumu kama wa chapati, uviringishe kama kamba, na uzungushe kuwa kijiboma kuzunguka mahali pa tundu. Mimina maji ndani ya boma hilo. Yatapoza kioo, na tena yatazuia vumbi lisipae, kwa kuwa vumbi la kioo si kitu cha kuvuta mapafuni. Maji yakishakuwa meupe kama maziwa, yafute na utie mengine. Lakini angalia: maji na drili ya kuchomekwa ukutani havipatani. Tumia drili ya betri, au hata keekee ya kuzungusha kwa mkono. Kama huna, mpelekee fundi chupa yako. Vaa miwani ya kukinga macho, si ya jua wala ya kusomea, na watoto wakae chumba kingine.

Zungusha kwa kasi ndogo. Kama drili ina kile kifaa cha kugongagonga kinachotumiwa kwa kuta za mawe, hakikisha kimezimwa. Usisukume, uzito wa drili yenyewe unatosha. Kila baada ya muda mfupi inua ncha kidogo maji yaingie chini yake. Mimi nilihesabu hadi kumi, nikainua, nikahesabu tena. Mlio utakuambia mengi. Mwanzoni ni wa kukwaruza. Kioo kikikaribia kuisha huwa mwembamba zaidi, na maji huanza kupungua katika boma kwa sababu yanavujia ndani. Hapo punguza mkono hadi uwe kama unaibeba drili badala ya kuilaza. Ilinichukua zaidi ya robo saa kutoboa unene usiozidi milimita 5.

Naam, nilitoboa. Chupa gani? Ilikuwa imebaki moja tu, yangu ya vifungo. Nilivimwaga vifungo kwenye kibuyu na nikakaa siku tatu nikiitazama kabla ya kuigusa. Nilifanya mazoezi kwanza kwa chupa nne za mchuzi wa nyanya. Mbili zilipasuka, mbili zikakubali. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Chupa tupu hazina bei.

Lakini si kila kioo kinakubali. Kuna kioo kilichogandishwa kwa nguvu kiwandani ili kiwe kigumu, kama cha madirisha ya milango ya gari, na bilauri fulani za Kifaransa zinazosifiwa kwa kutovunjika zikianguka. Kioo hicho hakitobolewi kamwe baada ya kutengenezwa. Ngozi yake ya nje imebanwa na tumbo lake linavutwa, na ukiipita ngozi hiyo chote husambaratika kuwa punje kwa mara moja. Chupa za vyakula na vinywaji hazina tatizo hilo.

Tundu likishatoka, usishangilie mapema. Sehemu inayoweza kumuua mtu bado ipo, nayo ni ukingo wa tundu. Ukingo mpya wa kioo ni wembe. Waya ukipita hapo, kila taa inaposogezwa ule wembe unakwangua ngozi ya plastiki kidogo, hata miezi kadhaa baadaye shaba ionekane. Juu ya chupa hiyo kuna kifuniko cha bati, na kwenye meza kuna mtoto mwenye kikombe cha chai mkononi. Stima ya nyumbani kwetu ni volti 240. Sihitaji kuendelea.

Kwa hivyo viringisha msasa wa maji, ule mweusi, kwenye penseli, uuloweshe na kusugua ukingo ndani na nje. Anza na namba 120, kisha 220, umalize na 400. Pitisha kipande cha soksi kuukuu ya nailoni. Kikinasa, endelea kusugua. Halafu tia raba ya duara yenye mfereji pembeni, zile ambazo mafundi wa magari huziweka pale waya unapopita kwenye bati. Wauza vipuri wanazo za kila saizi. Tundu la kifuniko nalo litiwe raba kama hiyo, kwa kuwa bati hukata vile vile.

Kuhusu nyaya nitasema machache, kwa sababu hapa naomba umwite fundi wa stima aliyehitimu akague kabla hujachomeka. Kwa vile kifuniko ni cha bati, tumia waya wa nyuzi tatu. Ule wa kijani na manjano, yaani wa ardhini, ufungwe kwa skrubu na nati kwenye bati lenyewe, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kionekane. Wa kahawia na wa buluu huingia kwenye holda; kama holda ni ya kuzungusha, wa kahawia uende kwenye kituo cha katikati, si kwenye kuta za pembeni ambazo kidole kinaweza kuzigusa. Ndani ya chupa, kaza kishikizo cha waya karibu na raba ili ukivutwa, mvuto usifike kwenye holda. Na katika plagi ondoa fyuzi ya ampea 13 utie ya ampea 3. Taa ndogo kama hii haihitaji hata sehemu ya kumi ya ampea moja, na fyuzi kubwa itasubiri mno kabla ya kukatika.

Glopu iwe ya LED. Ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na wa zile glopu za zamani za wati 60, bila lile joto lililokuwa likichoma kofia za taa. Usiifungie ndani ya chupa iliyozibwa, maana hata LED huchoka haraka isipopata hewa.

Nilimpelekea dada taa hiyo Jumamosi moja jioni. Nilikuwa nimeisafisha, nikaipaka kifuniko rangi ya kijani kama ile ya zamani, na sikusema lolote. Aliinua kofia, akaizungusha chupa mikononi, akasimamisha kidole chini ya shingo, mahali penye kipovu cha hewa kinachotoshana na punje ya mtama.

"Mdogo wangu," akasema, "hii si yangu. Yangu haikuwa na kipovu. Yenye kipovu ilikuwa ya tofi."

Nilimweleza yote, pamoja na ile haraka ya kwenda kupika. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Vipande viko wapi?" Nilikuwa nimevitupa, isipokuwa kifuniko, ambacho sikuwa na moyo wa kukitupa. Akaniambia nimletee. Siku hizi kiko dirishani pake na yeye huwekea funguo humo. Binti yake naye husoma chini ya ile taa hadi saa nne unusu za usiku, na waya umetulia mezani.

Kwa mwanafunzi aliyeniandikia: chupa yako ya kijani yenye tumbo pana imepinda pande zote, si upande mmoja kama yetu, kwa hivyo ubao ule wa kuongozea ncha hautakaa vizuri. Uwekee kamba ya unga uliokandwa chini yake ili uzibe mianya, ndipo uufunge kwa utepe. Na kama bado una ule msumari, utumie kuning'iniza taulo.